Posti Niliyoifuta Kabla ya Kuisoma

Kazi yangu ni kulisha watu. Nimepika kwenye kambi za mahema kuanzia ukingo wa kreta ya Ngorongoro hadi nyanda za Piyaya, na kila nilipoanza kuuzoea upepo wa mahali nilifunga vitu vyangu nikahamia kwingine. Sekondari niliishia kidato cha nne hapahapa Karatu. Upishi nilijifunza kwa kumenya viazi vya mpishi mwingine. Sasa nimevuka arobaini na sijawahi kukaa mahali pamoja misimu mitatu mfululizo. Nikiwa mbali nauota mji huu, vumbi lake jekundu na baridi yake ya mwezi wa saba. Nikirudi, wiki ya pili miguu inaanza kuwasha.

Hamu hiyo ndiyo iliyonifanya nianzishe kundi mtandaoni. Ilikuwa msimu wa mvua, kambi haina mgeni hata mmoja, na mimi nimekaa juu ya kreti la soda nikiangalia simu. Nilikuwa na picha moja ya barabara ya Karatu kabla ya lami, lori limezama matopeni hadi ekseli na watoto wamesimama kulishangaa. Nikaiweka, nikauliza: nani anakumbuka? Walijibu watu ambao sikujua kama bado wako hai. Mmoja alisema yeye ndiye mtoto wa tatu kutoka kushoto, yule asiye na suruali.

Baada ya hapo kundi likawa na maisha yake. Watu wa Daa, wakulima wa vilimani nje ya mji, waliweka picha za mavuno ya ngano. Mwingine akaweka nyumba ya bibi yake, moja ya zile za zamani zilizochimbiwa ubavuni mwa kilima hadi mbuzi wanapanda juu ya paa. Wafugaji wa Ngorongoro nao wakaingia, na picha za ng'ombe wanaoteremka kreta kufuata chumvi, enzi hizo. Nilikuwa nikisoma kila kitu kwa mshangao. Mtu yuko Piyaya, umeme wake ni kipande cha sola juu ya bati, anapanda kichuguu kutafuta mtandao ili tu amwambie mkulima wa Daa kwamba na yeye alimjua yule mwalimu mwenye baiskeli.

Kundi likikua linahitaji mlinzi. Mimi nikawa admini, na admini wa pili nikamwomba rafiki yangu wa Piyaya. Jina lake silitaji hapa, lakini hata yeye halitaji langu. Tulipofanya kazi kambi moja, mimi jikoni na yeye akisindikiza wageni wanaotembea kwa miguu, alinipa kondoo. Kwa Wamasai, mkishapeana kondoo mnaitana Paker, basi. Mimi ni Mwiraqw, na babu zetu walirushiana mikuki, kwa hiyo anapotaka kunikumbusha hilo huniita Mmbulu, jina ambalo majirani hutuita.

Kanuni zetu zilikuwa tatu. Hakuna matangazo ya biashara. Hakuna ugomvi wa mipaka na nani ahame nani abaki. Na hakuna shuhuda za kufunga.

Hii ya tatu inahitaji maelezo. Kwetu watu wa makanisani hufunga kwa maombi, na anayefunga siku nyingi anaheshimiwa. Akipungua uso, wanasema amejaa Roho. Zamani kidogo vikundi viwili vya maombi vilianza kushindana humo ndani, hawa wamefunga hivi, wale wamefunga zaidi yao na maji hawakugusa, mpaka wakafikia kuitana wapagani. Mama mmoja wa kanisa akatoka kwenye kundi kwa hasira, akaondoka na dada zake wote. Paker alicheka siku tatu. "Kwetu mtu akikaa na njaa tunamwonea huruma," aliniandikia. "Ninyi mnampa kombe." Nikaweka kanuni: shuhuda za kufunga zinafutwa, za dhehebu lolote.

Siku ninayoisimulia nilikuwa nyumbani Karatu, kati ya kazi moja na nyingine, nakaanga vitunguu. Simu ikalia. Posti nne zilikuwa zinasubiri ruhusa. Ya kwanza, picha ya mnada wa zamani, nikaipitisha. Ya pili, mtu anauza pikipiki, nikaifuta. Ya tatu ilianza hivi: "Bwana asifiwe. Nilifunga, na watu wote wakanisifu…" Hapo palikuwa na yale maneno ya "ona zaidi", ambayo ukiyagusa posti inafunguka yote. Sikuyagusa. Kidole gumba kikinuka kitunguu nilibonyeza kukataa, nikachagua sababu iliyo tayari: umevunja kanuni za kundi. Nikageuza vitunguu kabla havijaungua.

Siku mbili baadaye nikapigiwa na namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamke.

"Wewe ndiye mwenye lile kundi la picha za zamani?"

"Ndiye."

"Mimi nilikuwa nakaa nyuma yako kidato cha pili. Uliazima kompasi yangu, mpaka leo naisubiri."

Nilimkumbuka palepale. Nikaanza kucheka, kutafuta neno la utani. Hakunipa nafasi.

"Kaka, umemfuta mwanangu."

Alisema polepole, kama mtu aliyejitwika ndoo iliyojaa na hataki imwagike. Akaeleza kwamba yuko Daa, ameolewa huko, na binti yake mkubwa alikuwa amekaa wiki nzima akiandika ile posti. Aliandika akafuta, akaandika tena. Siku aliyoituma alikuwa na furaha, akala na wenzake. Lilipomjia jibu kwamba amevunja kanuni, akaiweka simu chini na jioni akairudisha sahani ilivyo.

"Jana hivyohivyo. Na leo asubuhi chai tu."

"Anafunga?" nikauliza.

"Hafungi. Hajawahi kufunga kama tulivyodhani. Ni ugonjwa, kaka. Sisi wenyewe tulidhani ni maombi."

Nikaitafuta ile posti kwenye simu, kwenye kila kona ninayoijua. Ilikuwa imekwenda. Mtandao unaotunza picha ya mtoto asiye na suruali kwa miaka yote haukutunza maneno ya yule binti kwa siku mbili.

Nikampigia Paker.

"Uliisoma?"

"Mistari miwili."

"Mmbulu, ukiona ncha ya pembe juu ya majani unajua ni ng'ombe wa nani?"

"Hapana."

"Basi nenda ukamwone ng'ombe mzima."

Nilikwenda Daa kesho yake kwa bodaboda. Mbaazi zilikuwa zimechanua maua ya njano pande zote za barabara, na upepo wa baridi unaingia mpaka kwenye meno. Nilimkuta yule mwanafunzi mwenzangu uani, ana mvi kidogo mbele lakini kicheko chake kikiwa cha kidato cha pili. Binti yake alitoka ndani akiwa amevaa sweta mbili. Ana miaka ishirini na miwili.

"Shikamoo anko."

"Marahaba. Mwanangu, nimekuja kuomba msamaha."

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani. Hakuyasubiri.

"Ulidhani ni ushuhuda," akasema.

"Ndiyo."

"Hata mimi mwanzoni nilidhani hivyo."

Hakusema kwa kunilaumu. Akaingia ndani, akatoka na simu yake, akanipa. Alikuwa ameyahifadhi maneno yake mahali pengine. "Soma, anko. Ila usome yote."

Nikasoma nimekaa kwenye kigoda, jua likiwa mgongoni.

Alianza kwa kufunga kweli, na kikundi cha maombi cha chuoni. Siku zilipotimia wenzake wakala, yeye akashindwa. Mkono ulikuwa unafika kwenye sahani na moyo unakwenda mbio kama amekutana na nyoka. Kwa kuwa watu walikuwa wamemsifu, wengine kwa roho yake na wengine kwa kiuno chake, akaendelea kusema amefunga. Nani atamhoji mtu aliyefunga? Aliporudi nyumbani sifa zilimtangulia. Majirani walianza kuja. Walimletea watoto wenye homa awawekee mikono. Mzee mmoja alitembea kutoka kilima cha pili ili aombewe mgongo, na yeye aliyemwombea alikuwa ameshika ukuta asianguke. Mama yake alikuwa akimnyooshea njia, akiwaambia watoto wadogo wasipige kelele, dada yuko kwenye maombi.

Siku moja alianguka kwenye bomba la maji, na ndoo ikamwangukia. Hospitalini watu wengi walimuuliza mengi. Nesi mmoja, baada ya mama kutoka nje, alikaa kitandani akamuuliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza: "Unaogopa nini kwenye chakula?" Akalia mpaka nesi akabadilisha zamu yake ili akae naye. Ndipo akajifunza kwamba ugonjwa wake unajulikana, una jina, unatibika kwa muda mrefu, na kwamba hakuwa mtakatifu wala mwenye pepo.

Posti ilimalizikia kwa kuwataka wasichana walio kwenye vikundi vya maombi, na vyuoni, na majumbani, wamwambie mtu. Juu yake aliambatanisha picha mbili za mwili wake, ya wakati ule na ya sasa, na namba: kilo, siku, vipimo. Namba zenyewe siziandiki hapa, na sababu utaiona.

Nilipomaliza nikamrudishia simu. Nimewahi kushuka kreta alfajiri na masanduku ya kifungua kinywa, tukazima gari katikati ya nyumbu na pundamilia, na kitu pekee kilichosikika kilikuwa kutafuna. Maelfu ya midomo ikikata majani, kwa sauti kama mvua nyepesi. Niliogopa siku ile, ule woga mzuri, kwamba uhai wote unasimama juu ya kitu kidogo namna hii, kufungua kinywa na kumeza. Sasa nilikuwa nimekaa Daa mbele ya mtoto wa watu aliyesimama mbele ya sufuria iliyojaa na kukuta mlango umefungwa kwa ndani, na funguo hana. Naye ameutafuta mlango huo kwa kupapasa gizani, na akipata ufa anawaita wenzake. Na mimi nimeuziba ule ufa kwa kidole chenye harufu ya kitunguu.

"Itume tena," nikamwambia. "Sasa hivi, nikiwa hapa."

Akaituma. Nikaipitisha nikiwa nimekaa mbele yake, akaona kidole changu kikibonyeza.

Maoni yalianza kuingia kabla mama hajaleta chai. Wengi walimpa pole. Mmoja alisema hayo ni mapepo ya mjini, akajibiwa na mwingine kwamba pepo gani linalokimbia nesi. Lakini katikati yao kulikuwa na ya aina nyingine. "Dada ulifikaje hapo? Nina harusi ya dada yangu." Mwingine: "Tupe mpangilio wa siku, nguo zangu nazo zianze kupwaya." Waliweka vicheko, lakini walikuwa wanauliza. Nikaona uso wa binti ukibadilika. Paker naye alikuwa ameyaona huko aliko, akayafuta mawili kabla yangu.

Kisha posti yenyewe ikatoweka.

Safari hii si mimi niliyeifuta. Palikuja ujumbe kutoka kwa mtandao wenyewe, kwa Kiswahili cha mtu asiyewahi kukaa na Mswahili, kwamba maudhui yameondolewa kwa sababu yanaweza kuhamasisha watu kujidhuru, na kwamba kama anapitia wakati mgumu atafute msaada. Chini yake kulikuwa na kitufe cha kukata rufaa. Nikakibonyeza kwa niaba yake, nikaandika kwa herufi kubwa: HUYU ANAWAONYA WENZAKE. Jibu lilirudi chai haijapoa. Uamuzi umebaki. Nikashusha skrini kwa hasira, na hapohapo likapita tangazo la chai ya kupunguza tumbo, mwanamke amefinywa kiuno kama nyigu. Hilo lilikuwa halali.

Mama alileta makande. Akayaweka mbele ya binti yake, akakaa. Mimi nikakaa. Wadogo zake wawili wakaacha kucheza wakasimama mlangoni. Sote tukamtazama. Akashika kijiko, akakiweka, akasema amechoka, akaingia ndani.

Nilitoka hadi barabarani nikampigia Paker, nikamweleza yote, la mtandao na la makande.

"Nani walikuwa wanakula?" akauliza.

"Yeye."

"Ninyi je?"

"Sisi tulikuwa tunamwangalia."

"Anayekaa kukutazama ukila ni fisi," akasema. "Anayekaa kula nawe ndiye mtu. Umesahau yale maziwa?"

Sikuwa nimesahau. Enzi hizo yeye bado ni morani, na mimi ni mpishi mgeni mwenye majivuno. Asubuhi nilimwekea kibuyu cha maziwa chini ya mti. Mwenzake wa rika alikuwa amefuata punda waliopotea upande wa Oloipiri. Mchana nikakuta kibuyu kiko vilevile, na yeye amekaa pembeni, midomo imekauka. Nikamfokea. Nilidhani anadharau mkono wa Mwiraqw. Akanijibu bila kunitazama: "Morani hanywi maziwa peke yake." Ndivyo walivyolelewa; kama mwenzako wa rika hayupo, unasubiri, hata siku ikiisha. Mwenzake alirudi jua likizama, na walipokunywa walikunywa kwa zamu, na nikaona kwamba kile nilichokiita kiburi kilikuwa adabu kubwa kuliko zote nilizowahi kuona mezani, na meza nimeziona nyingi.

"Kesho saa ngapi mnakula?" Paker akauliza.

"Saa saba."

"Mwambie kuna Mmasai Piyaya hatakunywa maziwa yake mpaka yeye ashike kijiko. Mimi si morani tena, ninaruhusiwa kunywa peke yangu. Lakini nitamsubiri."

Kesho yake nilirudi Daa asubuhi nikiwa na aproni yangu ya kambini. Nilimwambia mama wa watu kwamba jiko leo ni langu, akasema kompasi hukurudisha na sasa unataka sufuria, lakini akanipisha. Binti akaja akakaa kwenye kizingiti cha jikoni, simu mkononi. Nikampa salamu ya Paker.

"Ana njaa tangu asubuhi?" akauliza.

"Amesema anasubiri."

"Anko, huyo mtu hanijui."

"Ameisoma posti yako. Yeye aliisoma yote."

Akainamisha kichwa. Nikaendelea kuchambua maharage. Nilikuwa bado na hasira na ule mtandao, nikaanza kuulaani, kwamba mashine imeona maneno machache ikahukumu, haijui Daa, haijui bomba la maji, haijui lolote. Nikasikia ninavyosema, nikanyamaza mwenyewe. Mashine ilikuwa imefanya nilichofanya mimi jikoni kwangu.

"Mashine imekosea," akasema binti, "lakini haikukosea yote."

"Vipi?"

"Zile namba. Nilipokuwa mgonjwa nilikuwa nazitafuta kwa watu wengine. Nikikuta dada anasema nilifika kilo kadhaa, ninajiambia na mimi nifike. Anaandika kuonya, mimi nasoma kama ramani." Akavuta sweta. "Na picha. Nilikuwa nazitazama sana picha za namna ile. Jana wale waliouliza mpangilio, anko, mmoja wao alikuwa mimi wa zamani."

Nilikuwa nimeshika maharage kiganjani na sikuyaangusha wala sikuyaweka. Mimi na Paker tumelinda lile kundi miaka, tukijiona tunajua baya na jema. Mtandao una mashine zinazosoma dunia nzima kwa kufumba na kufumbua. Na hakuna kati yetu aliyejua alichojua yule binti aliyekaa kizingitini akiwa na sweta mbili: kwamba neno lilelile linaweza kuwa ngazi ya kupandia na ya kushukia, na kwamba anayejua tofauti ni yule tu aliyewahi kuwa chini.

"Basi andika wewe," nikamwambia. "Mimi napika."

Akaandika asubuhi nzima. Mara anafuta, mara ananisomea kipande. Alitoa kilo zote na siku zote. Alitoa "nilifunga" kwenye mstari wa kwanza. "Kuna maadmini wavivu," akasema, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu. Alipofika kwenye lile swali la nesi alisita, akaniuliza kama alipandishe juu kabisa. Nikamwambia mimi ni mpishi, lakini nikiwa na nyama moja nzuri siifichi chini ya wali. Akalipandisha.

Pakabaki picha. Alitoka uani akazunguka, akarudi na ndoo ya plastiki ya bluu, imepasuka ukingo na kushonwa kwa waya uliopashwa moto. Ni ile aliyoanguka nayo. Mama hakuitupa, anawekea pumba za kuku. Akaiweka juu ya majani, akaipiga picha na maua ya mbaazi nyuma yake.

"Kundi lenu ni la picha za zamani," akasema. "Hii ni ya zamani."

Kabla hajaituma, yeye na Paker waliandikiana kwenye simu yangu kuhusu maoni. Binti ndiye aliyepanga. Yeyote atakayetaja kilo au siku, maoni yake yaondolewe, hata kama ni ya kumsifu. Anayemwambia amependeza sasa, yaondolewe pia, kwa upole. Anayeuliza mpangilio asifukuzwe; aandikiwe faraghani, aulizwe hali yake, na aelekezwe hospitali. Paker akajibu kila kitu kwa neno moja, sawa, sawa, na mwishoni akaongeza: "Mwambie Mmbulu apike haraka."

Kanuni hizo bado ziko kwenye kundi letu. Ile ya kufuta shuhuda za kufunga tuliiondoa. Mahali pake tuliandika kwamba kila posti itasomwa mpaka mwisho, na mara nyingine usiku wa kambini nikiwa nimechoka ninaona uzito wa kile nilichojitwisha.

Akaituma. Nikaifungua, nikaisoma, nikaipitisha.

Saa saba tulikaa chini, kwenye jamvi, sote tumezunguka sinia. Wadogo zake niliwapa kazi ya kubishana nani ana mfupa, maana nilitia mfupa mmoja tu. Mama akaanza kunisimulia juu ya mwalimu wetu wa jiografia. Hakuna aliyemtazama mtu. Simu yangu niliiweka katikati, sauti imefunguliwa, na Paker yuko juu ya kichuguu chake. Upepo wa Piyaya ulikuwa unavuma katikati ya makande.

"Mmeshakaa?" akauliza.

"Tumekaa."

"Binti, maziwa haya yanaanza kuniita kwa jina."

Mama aliendelea na mwalimu wa jiografia ingawa hadithi ilikuwa imekwisha, akaianza upya. Kisha nikasikia kijiko kikigusa sinia upande wa kushoto kwangu, na binti akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kunywa, babu."

"Babu ni huyo Mmbulu," ikasema simu, na baada yake tukasikia akimeza, funda refu, na akipumua.

Mimi sikuweza kula. Nilikuwa nangojea ule ujumbe. Nilikuwa na hakika mashine itarudi, nikaichukua simu, nikafungua posti. Ilikuwepo. Nikaisoma tena, safari hii polepole, kama ninavyosoma barua ya mtu niliyemkosa miaka mingi: bomba, ndoo, wagonjwa waliopanga mstari, mkono ulioshika ukuta, nesi aliyekaa kitandani. Chini yake mtu alikuwa ameandika neno moja tu, "Naogopa," na binti alikuwa tayari amemjibu, sijui saa ngapi, kwa mkono upi: "Niandikie. Niko hapa nakula." Nikarudi juu nikasoma tena mpaka mwisho. Makande yangu yakaota ngozi juu.

"Anko, kula," nikasikia. "Mimi nimeshamaliza."

Nikainua macho. Upande wake wa sinia yalikuwa yamebaki maharage machache, yamesogezwa pembeni. Sikuyahesabu.